Jivu Nililolimwaga Karoni

Juzi nilikanyaga nyasi nyuma ya nyumba yangu, kiatu kikazama, na ile harufu ikanipanda puani: sabuni iliyochacha, udongo mbichi, na kitu kingine ambacho mtaniwia radhi nisipokitaja. Fundi alisema si tatizo kubwa. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikaona haya, kwa sababu ya ua mwingine, wa Kyebando, miaka michache baada ya vita.

Tulikuwa Wakenya tuliovuka mpaka wa magharibi kutafuta riziki. Baba na mama waliuza vyombo katika soko la Kikuubo, na mimi, msichana wa miaka tisa, niliachiwa masufuria. Niliyasugua kwa jivu la sigiri, jiko letu la makaa, kwenye karo la nje, kisha nilitakiwa kulibeba jivu lile hadi shimo la taka nyuma ya migomba. Huko alitawala bata mzinga wa mama mwenye nyumba, ndege mwenye roho mbaya kuliko askari wa kizuizi cha barabarani. Basi nikawa nalimwaga karoni, nalisukuma kwa makopo mawili ya maji, naenda zangu kuruka kamba. Nilifanya hivyo mwaka mzima, na wala sikuona kosa.

Ua ukaanza kulowa. Kwanza nyasi zilistawi, tukafurahi. Kisha visigino vikawa vinazama. Mama mwenye nyumba alishuku bomba la maji safi, akafunga koki siku nzima, ua haukukauka. Akasema ni mvua. Mvua ikaisha, matope yakabaki. Ndipo akamwita Ssalongo, fundi mzee aliyepata jina hilo kwa kuzaa mapacha. Ssalongo alifunua tangi la maji taka, akalikuta limejaa hadi mdomoni. Akachimba kufuata mabomba yenye matundu, yale yanayopaswa kuyamwaga maji ardhini taratibu. Akachokoa tundu moja kwa kijiti, kikatoka na tope zito la kijivu.

Akasema ni jivu, na wote wakageuka kumtazama Mama Akello.

Mama Akello, mpangaji wa chumba cha mwisho, alitoka kaskazini, kama askari wengi walioshindwa vitani, na siku zile mtu wa kaskazini alikuwa na hatia kabla hajafungua kinywa. Alipika pombe ya mahindi kwa kuni. Mama mwenye nyumba alikichukia Kiswahili, akikiita lugha ya bunduki, lakini asubuhi ile hakuwa na lugha nyingine ya kumfukuzia mtu.

"Nani mwingine hapa napika na kuni?"

"Jivu yangu mimi natupa kwa shimo, nnyabo," alijibu Mama Akello taratibu, akimwita bibi kwa lugha ya wenyeji. "Kila siku."

Mama yangu alikuwa mtu wa haki. Alipenda kutuambia, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Akanigeukia mbele ya wote.

"Wewe ndiwe unayeshinda hapa. Umewahi kumwona akimwaga jivu karoni?"

Niliiona fimbo ya mama, nikayaona macho ya watu. Nikasema sijui. Nawaambieni, hapana uongo uliowahi kunitoka kwa urahisi kama ule.

Jumamosi Mama Akello alihama na mitungi yake na watoto watatu. Aliniaga kwa mkono, kama mtu mzima mwenzake. Mabomba yakazibuliwa, ua ukakauka, nami nikaanza kulibeba jivu hadi shimoni bila kuambiwa. Mama akanisifu kuwa nimekua, na sifa ile ilinichoma kuliko fimbo.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba hakujua. Lakini mlango wake ulitazamana na karo. Pale ndipo alipokaa kukoroga pombe yake kila siku nikisugua masufuria. Aliniona mwaka mzima. Asubuhi ile angeweza kuninyooshea kidole, nami utotoni nilidhani alinyamaza kwa kunihurumia. Huenda. Ila sasa najua pia kwamba angesema, asingesadikiwa. Katika ua ule mzima, mtu pekee ambaye neno lake lingemwokoa nilikuwa mimi, na alinitazama akisubiri niliseme.