Kokoto Katika Sahani ya Mama

Mwanangu, ipo siku moja ambayo mpaka leo sijaisahau. Tulikuwa kijijini kwetu Mwala, miaka ya tisini, na macho ya mama yangu yalikuwa yamefifia. Kivuli cha mtu mlangoni alikiona, lakini huyo mtu ni nani, hapana. Alikuwa ameponea chupuchupu kumkanyaga nyoka jikoni, na tangu hapo akasema anataka kanga. Si wa kula. Kanga akiona nyoka au mgeni hupiga kelele mpaka ng'ambo ya bonde wasikie, na Mama alitaka ndege wa kuwa macho yake.

Tukapata mayai kwa jirani, tukamwekea kuku wetu ayaatamie, maana kanga mwenyewe ni mama ovyo, huwaburuta wanawe kwenye umande mpaka wafe kwa baridi. Vifaranga wakaanguliwa, wenye milia, wadogo kama ndimu. Mimi niliwatafutia mchwa, na Mama alikaa nao kutwa akiwasikiliza. Alisema hiyo ndiyo redio yake. Sahani yao ya maji aliijaza kokoto mwenyewe kwa kupapasa, kisha akamimina maji kidogo yapite katikati ya mawe, ili kifaranga anywe bila kutumbukia.

Jumamosi moja kaka yangu Mutuku akaja kutoka Athi River, alikofanya kazi kiwandani. Mutuku alimpenda Mama, hilo simnyimi. Ila alikuwa na ule ugonjwa wa watu wa mjini, akifika nyumbani hatulii kabla hajarekebisha kitu. Mimi nilikuwa nimeenda na punda kuchota maji mtoni, na Mama alikuwa amejinyoosha ndani. Mutuku akaiona ile sahani ya mawe, ikamuuma, akadhani watoto wa jirani wanamchezea mama asiyeona. Akayatupa mawe, akaisugua sahani ikang'aa, akaijaza maji pomoni, akaenda kumsalimia jirani.

Niliporudi nilimkuta kuku akiizunguka sahani huku akilia. Vifaranga walikuwa wanaelea. Nilishtuka hata kamba ya punda ikanitoka mkononi. Sisi tunafukua mchanga wa mto tupate ndoo moja ya maji, nani angeniambia kuna kiumbe kitakufa maji katika boma letu? Mama akatokea mlangoni, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Mbona hawaongei?" akauliza.

Mutuku alikuwa anarudi, akaona, akaganda hapo hapo. Nilipomweleza Mama, alikaa chini, akamwambia Mutuku awatoe mmoja mmoja amwekee kwenye leso mapajani. Akawapapasa wote, bila haraka.

"Mwaitu," Mutuku akamwita mama yetu kwa lugha ya nyumbani, "niliona mawe nikafikiri ni watoto wanakuchezea. Nilikuwa nasafisha tu."

Mama hakupandisha sauti. "Macho ndio yameisha, Mutuku. Mdomo bado niko nao. Si ungeniuliza?"

Kaka yangu, mwanaume mzima mwenye ndevu, alikaa kwenye vumbi akalia.

Mmoja tu alikuwa na joto bado. Mama alimtia kifuani, na kufikia jioni tukamsikia akilia. Akakua, akawa na kelele za kuudhi kabisa, na hakuna nyoka aliyesogea jikoni tena bila Mama kujua. Kila Mutuku alipokuja, yule kanga alimpigia kelele, naye alisimama pale pale nje na kuita, "Mwaitu, niingie?"

Mwanangu, ukirudi kwa wazee wako na mikono yako yenye nguvu, usiondoe kitu kabla hujauliza kiliwekwa kwa nini. Mzee aliyeishiwa na macho, au miguu, hajaishiwa na akili. Keti kwanza. Uliza.

Mungu akupe muda wa kuwauliza wazazi wako wakiwa bado wanajibu, na wewe ukizeeka, akupe watoto watakaosimama mlangoni wakuulize.