Siku ya Kusindikizwa Chicago

Mama alikuwa na pasipoti, likizo ya kazini na sanduku la vitenge vya kumpelekea dada yake. Kilichokosekana ni siku ya kurudi. Bila hiyo singeweza kununua tiketi zetu, na kila jioni nilifungua kompyuta pale nyumbani Tumba, Uswidi, na kuifunga.

"Sitamwambia dada yangu naondoka lini kabla sijafika," Mama alisema. "Atadhani nimeshamchoka."

Mama mkubwa naye, huko Chicago, alikataa kutaja siku. Kwetu, kumuuliza mgeni anaondoka lini ni kumfukuza. Hawakuwa wameonana tangu kambi ya wakimbizi, nilipokuwa nabebwa mgongoni, na sasa heshima ndiyo iliyowazuia. Kwenye simu waliishia kuzungumza juu ya ziwa la huko Chicago.

"Ng'ambo inaonekana?" Mama aliuliza.

"Ng'ambo gani! Si kama kwetu Uvira, ukiona moshi wa Burundi unajua wamepika."

Mimi si msemaji. Mama akinisemesha Kiswahili humjibu Kiswidi, neno moja. Wakubwa wakipiga simu, nawasalimu na kuirudisha haraka. Lakini Jumamosi moja nilimwona Mama akitoa vitenge sandukuni na kuvirudisha kabatini. Nikamwomba simu. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi, kwenye treni.

"Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba! Kumbe bubu wetu ana sauti!"

"Tukishakutembelea, utatusindikiza siku gani?"

Nilimsikia akifunua kalenda. Kusindikiza mgeni ni kazi ya mwenye nyumba, na siku ni yake kuchagua.

"Jumapili yenu ya tatu hapa kwaya yetu inaimba," akasema taratibu. "Lazima mama yako atusikie. Kesho yake siendi kazini. Nitawasindikiza Jumatatu hiyo, mpaka walinzi wa uwanja wa ndege wanikataze."

"Mwambie nimesikia!" Mama alipaza sauti nyuma yangu. "Na mwambie kwaya yao isikohoe!"

Nilinunua tiketi akiwa amesimama nyuma ya bega langu. Vitenge vilirudi sandukuni.

Kesho yake, baada ya ibada kanisani kwetu Hagsätra, nilikuwa mahali pangu pa siku zote, karibu na makoti. Mama akaninyooshea kidole mbele ya wenzake.

"Safari hii imepangwa na huyu."

Wote wakageuka. "Ni wewe kweli?" mmoja aliniuliza kwa Kiswidi.

"Ndiyo, mama, ni mimi," nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye birika la chai.