Ndege ya Foamu na Klia Iliyozidi Mkiani

Nakumbuka alasiri moja ya Ijumaa nimeketi kwenye veranda ya nyumba yetu katika mtaa unaoitwa West Indies, nikibandika nati za lori kwa tepu ndani ya pua ya ndege ndogo ya rimoti, huku nikichungulia getini kama mwizi. Ndege ilikuwa yangu, nimeiunda kwa mikono yangu. Nati zilikuwa za baba yangu. Lakini niliyekuwa namwogopa hakuwa Baba, alikuwa rafiki yangu. Nataka nikueleze habari hiyo, mwanangu, kwa sababu umekuja kuniuliza ndege ya foamu inapakwa klia gani, ile rangi angavu ya kumalizia, na jibu la klia peke yake ni fupi mno.

Jibu lenyewe hili hapa, ulichukue mapema. Tumia vanishi ya maji. Ile klia ya magari inayochanganywa na thina usiisogeze karibu, kwa maana foamu, ile nyeupe nyepesi inayozungushiwa televisheni ndani ya katoni, huliwa na thina. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, ungoje kikauke, ndipo uguse ndege. Paka nyembamba. Mimi nilijua yote hayo, na bado nilikaribia kuangusha ndege iliyobeba maisha yangu.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza shule. Baba alikuwa na malori yaliyopeleka mizigo hadi Juba, na mimi nilitaka kwenda Nairobi kusomea ufundi wa ndege. Jambo hilo lilizungumzwa nyumbani mpaka chai ikapoa vikombeni. Baba hakuwa mtu mkali, ila aliamini kitu anachokishika kwa mkono.

"Sahra, mimi sitaki hotuba," aliniambia. "Tengeneza kitu kiruke, nikione na macho yangu. Kikiruka tutaongea hiyo maneno ya Nairobi. Kikianguka, utakaa hapa ofisini unisaidie na madereva."

Akataja Jumamosi ambayo angekuwa amerudi, kabla hajaondoka tena na mzigo mwingine. Na Baba alikuwa hasemi jambo mara mbili.

Nikaunda ndege. Mabawa yalikubali, mota ikakubali, ikabaki ngozi. Foamu tupu ni laini, ukucha tu unaacha alama, na uwanja pekee niliokuwa nimepata ni shamba la mahindi huko Chepsaita lililokwisha kuvunwa. Visiki vya mahindi vingelichana tumbo la ndege siku ya kwanza. Ndipo nikamwendea Kiprono.

Kiprono alikuwa kijana wa rika langu, fundi wa kupuliza rangi malori kwenye yadi ya Baba. Katika mji wetu fundi wa rangi hupimwa kwa kung'aa. Dereva hafungui mdomo kusifu, anasimama tu mbele ya mlango wa lori na kujipanga kola. Milango ya Kiprono ungeweza kujifungia mtandio mbele yake bila kioo. Nilipomweleza shida yangu alichukua klia yake ya kawaida na thina bila hata kufikiri. Nikampa kipande cha foamu ajaribu. Kikanywea, kikatoboka, kikabaki kama kitu kilichotafunwa na mbuzi.

"Ai! Hii ndege yako inaogopa thina kuliko mimi navyoogopa mamangu," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Tukatafuta vanishi ya maji. Nikamwambia apake nyembamba, mara mbili tu, na mkiani kidogo kabisa. Akasema sawa. Sasa, mwanangu, mtu ambaye kila siku anapaka malori ukimwambia nyembamba, anasikia neno lakini mkono hausikii. Jumanne nilipopita yadini ndege ilikuwa inang'aa.

"Nimeongeza kidogo. Umeona?"

"Nimeona. Asante sana, Kiprono."

Jumatano ilikuwa inang'aa zaidi, na mkia ndio uliopendelewa, kwa sababu ndipo nilipokuwa nimechora mistari ya buluu naye akaona itapendeza ikitokeza. Nikasema asante tena, nikaongeza kwamba imependeza. Na ilikuwa imependeza, hilo sikudanganya. Lakini yule kijana alikuwa anafanya kazi ile saa yake ya chakula, wenzake wakila githeri yeye ameinama juu ya ndege yangu na brashi. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba ameharibu? Sisi tumelelewa hivyo, mtu akikusaidia unapokea, unashukuru, unaenda kulia nyumbani.

Alhamisi nikaichukua. Nikaweka kidole kimoja chini ya kila bawa, pale ndege inapotakiwa kusimama sawa. Mkia ukashuka moja kwa moja hadi sakafuni. Mkia uko mbali na katikati, kwa hiyo uzito kidogo wa pale huvuta sana, na ndege iliyozidiwa nyuma haiongozeki. Tena mji wetu uko juu. Hii hewa nyepesi tunayojivunia kwa sababu ya wakimbiaji haina nguvu ya kubeba ndege nzito. Nilijua yote hayo. Na badala ya kutembea hadi yadini kusema neno moja, Ijumaa ile nikatafuta nati za kuweka puani, ili pua ishindane na mkia. Kweli, ikasimama sawa. Ila sasa ilikuwa nzito mbele na nyuma.

Hapo ndipo aliponikuta Ayeeyo, ndivyo Wasomali tunavyomwita nyanya. Yeye hakujua chochote kuhusu ndege, wala hakutaka kujua. Alikuwa ametoka kuswali, akasimama na tasbihi mkononi akinitazama.

"Unaweka chuma ndani ya ndege?"

"Ni ya kusawazisha, Ayeeyo. Mkia umekuwa mzito."

"Nani ameufanya mzito?"

"Kiprono. Lakini amejitolea sana, siwezi kumwambia."

Akaketi polepole, magoti yalikuwa yanamsumbua. "Unamhurumia Kiprono ama unajihurumia wewe?"

Nikaendelea kubandika tepu.

"Kesho ikianguka, baba yako atauliza kwa nini. Utamjibu nini? Utasema ni Kiprono. Leo unaona haya kumwambia mkiwa wawili, halafu kesho utamtaja mbele ya watu. Hiyo ni heshima gani, Sahra?"

Nililia, na haikuwa kwa huzuni. Nililia kwa hasira, kwa sababu alikuwa amesema kweli na mimi nilikuwa nimejiona mtu mwema wiki nzima. Nikang'oa nati zote, nikaibeba ndege hadi yadini.

Kiprono alinisikiliza mpaka mwisho huku akijifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta hata ilipokuwa imekauka.

"Si ungesema tu Tuesday? Rangi ilikuwa bado mbichi."

"Niliona haya."

"Sasa zile asante zote zilikuwa za nini? Mimi nikisikia asante najua iko poa, naongeza. Mimi ni mtu wa malori, Sahra. Ningejuaje?"

Alikuwa amekasirika kabisa. Akaleta msasa laini na ndoo ya maji, tukaanza kusugua bila kusemezana, mkia kwanza, halafu juu ya mabawa. Tukaacha klia tumboni na kwenye kingo za mbele, mahali ndege inapoguswa na dunia. Kung'aa kote kukaondoka. Ndege ikawa kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu. Kiprono akaiangalia, akapumua.

"Mtu yeyote asijue ni mimi nilipaka hii kitu."

Nikaiweka tena juu ya vidole. Ikasimama sawa bila nati hata moja.

Jumamosi tukaenda Chepsaita. Baba alisimama mikono nyuma, kama anayekagua matairi. Mimi nilishika rimoti, kwa hiyo ilihitajika mikono mingine ya kuirusha. Kiprono, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajaniambia neno, akaja mwenyewe akaichukua, akakimbia hatua chache, akaiachilia. Ikashuka kidogo. Moyo wangu ukashuka nayo. Kisha ikapata hewa ikapanda, na nilijua kwa hakika kwamba ile ya jana, yenye nati puani, isingepanda. Ikazunguka shamba, ikarudi, ikateleza juu ya visiki vya mahindi na kusimama.

Baba akaiokota, akaigeuza, akapitisha kidole gumba tumboni. Palikuwa na mikwaruzo, lakini hapakuwa pamechanika.

"Hapa tumboni pamepakwa na nani?"

Kiprono akaangalia viatu vyake.

"Ni Kiprono," nikasema.

"Kazi safi," Baba akamwambia. Kisha akanigeukia. "Hiyo kozi ya Nairobi inaanza lini?"

Basi, mwanangu, umeniuliza klia. Paka ya maji, paka nyembamba, uupunguzie mkia. Na yeyote anayekusaidia, mwambie kweli akiwa bado ameshika brashi, kwa sauti ya chini, mkiwa wawili. Usimlipe asante ambayo hujaimaanisha, maana ataiamini na kuendelea. Na siku ukiwa wewe ndiye mwenye brashi, ukaambiwa, kasirika kama Kiprono alivyokasirika: mikono ikiendelea na kazi.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mpole usiochelewa, akuzungushie watu wasioogopa kukuambia, na kila utakachokirusha akirudishe chini kikiwa kizima.