Zima Ukifika Kwenye Mgunga

Barre Langaare alikuwa mwoga, na hakuona haya kulisema. Jina la Langaare, yaani mchechemeaji, alipewa na watu wa Garissa baada ya pikipiki kumwangukia ujanani na kumvunja mguu, na tangu siku hiyo hakupanda tena. Kuzitengeneza alizitengeneza, akazisafisha kabureta, akazipiga kiki zikanguruma, kisha akawakabidhi wenyewe. Ukimwomba aizungushe yako kidogo aone kama imepona, atakujibu kwamba yeye ni fundi, si maiti.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye ambaye Kulow alimwendea ili amfundishe kuendesha. Lahaula!

Kulow alikuwa dresa wa zahanati, mfunga vidonda na mdunga sindano, na walichunga mbuzi pamoja tangu utoto. Vita vya shifta, waasi wa kaskazini mashariki, vilikuwa vimepamba moto. Serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji katika vijiji vyenye ua wa miiba na askari mlangoni, na huko malaria iliwavamia watoto. Gari la zahanati lilikanyaga bomu la ardhini, dereva hakuonekana tena. Kulow, ambaye hata baiskeli hakuwahi kuipanda, akapewa pikipiki kuukuu, sanduku la dawa na kibali cha kupita.

Barre alimsihi akatae. Barabarani kuna mabomu, alimwambia, vichakani kuna shifta, vizuizini kuna wanajeshi, na hapana hata mmoja kati yao atakayekupenda. Kulow alisikiliza yote kwa adabu, kisha akamuuliza ni nani basi atakayewadunga sindano wale watoto. Barre akakubali. Akamfundisha.

Walijifunzia kwenye uwanja wa mnada wa mifugo, siku zisizo na mnada. Mwanafunzi juu, mwalimu akimfuata nyuma kwa mguu wake mbovu huku ameng'ang'ania kiti. Kulow alikuwa na kasoro moja mbaya: akishtuka, alikaza mkono wa mafuta badala ya kuuachia, na pikipiki ikaruka mbele kama imechomwa. Siku moja aliingia nayo katika zizi la mbuzi, akaubomoa ua wa miiba. Barre alimchomoa miiba mgongoni huku akimrudia neno lile lile. Ukiogopa, fungua vidole. Fungua vidole, walaal, ndugu yangu.

Lakini kasoro ya pikipiki yenyewe ilikuwa mbaya zaidi. Ukifunga mafuta ghafla, bomba lake la moshi lililipuka kwa kishindo cha bunduki hasa. Mara ya kwanza wanawake waliokuwa wakipita uwanjani walijitupa chini wote. Barre aliifungua akaifunga, akaifungua tena. Vipuri kutoka Nairobi havikuja siku hizo. Wakati mwingine jambo kama hilo lingekuwa la kuchekesha, watu wakampachika Kulow jina. Mwaka ule wanajeshi kizuizini hawakusubiri kujua nini kimelia.

Ndipo Barre akaweka sharti lake. Ukirudi, zima ukifika kwenye mgunga, ule mkubwa ulio mbali na kizuizi cha kuingilia mjini. Funga mafuta polepole. Shuka, ukokote kwa miguu mpaka kizuizini, waone mtu anayesukuma chuma tu. Na ikilia kwa bahati mbaya, iache ianguke, ulale chini, viganja wazi. Alimwangusha na kumlaza mchangani mara nyingi mno, hata Kulow akaanza kununa kwamba anafundishwa kuanguka, si kuendesha.

Safari za kwanza zilikwenda salama. Kila alasiri Barre alikaa mlangoni pa karakana yake, mikono kwenye mafuta, masikio barabarani, na hakugusa hata chai mpaka amwone rafiki yake anakuja akikokota.

Kisha alasiri moja akapita Hawo, muuza maziwa, na vibuyu vitupu. Alisimama kusalimu, akalalamika kuhusu jua, na katika kulalamika akasema kwamba wanajeshi nao jua limewashinda, wamekihamishia kizuizi kule kwenye mgunga. Wanataka kivuli.

Barre aliweka spana chini. Barabara hupinda kabla tu ya ule mgunga, na vichaka vimeziba. Kulow angetokea pale injini ikinguruma, na palipotakiwa kuwa mahali pa kuzimia injini sasa palikuwa na mitutu.

Alitaka kubaki, tusidanganyane. Alifunga mlango wa karakana akakaa ndani gizani. Kisha akafungua, akaenda.

Alifika kizuizini mikono ikiwa juu, akajieleza kwa Kiswahili chake.

"Afande, bikibiki inakuja. Ya zahanati. Ikizima inalia kama bunduki, lakini ni bomba tu ya moshi. Wallahi ni bomba."

Koplo alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye ule mguu. Barre aliomba aruhusiwe kutangulia mbele kumwonya mwenzake. Koplo akakataa. Akamwamuru asimame katikati ya barabara, mbele ya kizuizi, mikono kichwani, mgongo kwa wanajeshi.

"Kama ni bunduki," akasema, "tutaanza na wewe. Ukishusha mkono pia, tutaanza na wewe."

Akasimama. Ngurumo ikasikika mbali, ikakaribia. Hakuweza kupunga, hakuweza kupiga ukelele. Alisoma shahada kimoyomoyo, maneno yakampotea, akaanza upya.

Kulow akachomoza kwenye kona. Akamwona rafiki yake, akaona bunduki nyuma yake, macho yakamtoka. Barre hakutazama macho. Alitazama ule mkono wa kulia, mkono unaokaza. Fungua, fungua, Kulow, fungua.

Vidole vikafunguka. Mafuta yakafungika ghafla, na bomba likalipuka.

Nyuma ya Barre bunduki zikakokiwa. Mbele yake pikipiki ilikuwa tayari imelala, na Kulow kifudifudi mchangani, viganja wazi. Gurudumu likaendelea kuzunguka. Bomba likalia tena, injini ikafa. Hakuna aliyefyatua.

Koplo alisogea, akaigusa pikipiki kwa kiatu, akawaambia waondoe takataka yao barabarani.

Kulow aliinuka. Barre hakuweza kusogea. Kikoi chake kilikuwa kimelowa mpaka miguuni, na wanajeshi walikuwa wameona, mmoja akacheka. Kulow alivua koti lake jeupe la zahanati, akamfunga kiunoni, kama mtu anayempa fundi kitambaa cha kufutia mafuta. Wakashika usukani huku na huku, wakakokota.

Walikuwa karibu na mji Kulow alipouliza.

"Na kesho nizime wapi?"

Barre alikaza koti kiunoni.

"Popote utakaponikuta nimesimama."

Na alasiri ya kesho yake akafunga karakana mapema, akaenda akichechemea, huku akitetemeka njia nzima.