Tanki Lililofungwa Kama Mpira

Tanki la dizeli nililiziba mimi. Naanza na hilo kabla hujanionea huruma. Nililiziba kwa nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, nikazungushia vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka vidole vikaniuma, halafu nikasimama pembeni nikajipongeza.

Enzi zetu, nikiwa darasa la nne (sasa niko kidato cha tatu, kwa hiyo nisikilizeni kama mzee), mtu aliyejua kufunga mpira wa nailoni alikuwa na cheo chake. Pale kijijini kwetu Kumsenga hatukununua mpira. Tuliokota mifuko, tukaisokota, tukaikaza kwa tyubu, na fundi nilikuwa mimi. Mipira yangu ilinyeshewa, ikakanyagwa na ng'ombe, ikatumbukia kisimani, na tone la maji halikuingia ndani. Mdogo wangu Eliudi, ambaye yuko darasa la kwanza, ananunuliwa wa dukani. Ukitoboka anakaa chini anangoja mwingine. Vijana wa siku hizi wamepewa mikono ya kushikia simu tu.

Baba alikuwa na lori la zamani, la pua ndefu, la kubeba muhogo na maharage kwenda Kasulu. Lilinuka dizeli, unga wa muhogo na jasho la Bukuru, utingo wetu. Asubuhi tulilikimbilia tukaning'inia nyuma mpaka shuleni, na mwalimu hakuuliza nani alining'inia. Aliangalia nyusi zilizojaa vumbi jekundu, basi. Jioni moja likarudi bila mfuniko wa tanki. Bukuru aliuweka juu ya bampa pale Heru Juu wakati anaongeza mafuta, akausahau. Baba akachomeka kitambaa, akaniambia, "Josia, kesho uzibe vizuri. Vumbi lisiingie hata punje."

Mwambie fundi wa mipira maneno kama hayo, uone.

Kesho yake niliziba, na kabla jua halijapanda uchungu wa mama ukaanza. Kwenye zahanati wakasema mtoto amekaa vibaya, mama awahishwe hospitali ya Kibondo, na gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mwingine. Lori ndilo likawa gari la wagonjwa. Baba kwenye usukani, bibi katikati na beseni la kanga, mama dirishani, upande wa tanki. Bukuru alipanda juu kwenye bodi. Mimi niliambiwa nibaki nyumbani, kwa hiyo nilipanda pia.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye kilima. Hapo lori likaanza kukohoa, likapungua nguvu kama mtu anayesinzia, likazimika. Tulimsikia mama anahema kule mbele.

Bukuru aliruka chini akaenda kwenye filta, maana kwake filta ilikuwa mshukiwa wa kwanza siku zote. Akaifungua, akamwaga uchafu, akaipuliza. Baba akapiga pampu ya mkono kutoa upepo, pampu haikuleta kitu. Wakafikiri mafuta yamekwisha. Bukuru akafungua kizibo changu, akachovya kijiti, kijiti kikatoka kimelowa hadi nusu. Mafuta yapo. Walipopiga pampu tena dizeli ikaja na povu, injini ikawaka, sifa zote zikaenda kwa filta. Mimi nikakimbilia tanki nikaliziba upya, nikakaza kuliko mwanzo, maana niliona Bukuru ameniharibia kazi.

Hatukufika mbali, likafa tena.

Mama yangu ni mtu wa kusema. Sufuria ikianguka jikoni, majirani wanajua ni ipi na nani kaiangusha. Siku ile hakusema neno. Aliushika mlango kwa mikono miwili akaangalia mbele, na mimi kule juu nikaanza kusikia baridi mchana wa jua kali. Bibi akachungulia nje akamuuliza baba, "Mwanangu, kati ya hili gari na huyu mtoto, unadhani nani atatangulia?" Bibi alikuwa hatanii.

Safari hii Bukuru alishuku mpira wa dizeli, ule unaopeleka mafuta kwenye injini, kwamba una mpasuko unaovuta upepo. Akaomba sabuni ya mche kutoka kwenye beseni la bibi, ile ya kufulia nguo za mtoto ambaye hajazaliwa, akaupaka mpira mzima. Baba akanyonya dizeli kwa mdomo, akatema, akakohoa kama lori lake. Wakapima tanki tena. Lori likawaka. Sifa zikaenda kwa sabuni. Na mimi, mtoto mwema, nikaziba.

Lilipozimika mara ya tatu baba hakufungua hata boneti. Alisimama barabarani akatazama huku na huku kama kuna bodaboda inakuja. Haikuwapo.

Bukuru akaniambia, "Dogo, hebu pima mafuta."

Nilipolegeza tyubu nikaona nailoni imenyonywa ndani, imebonyea kama shavu la kibogoyo. Nikaivuta. Tanki likavuta pumzi ndefu, fyuuu, kama mtu aliyetolewa majini. Hapo nikaelewa. Wakifungua, lori linapona. Nikiziba, linakufa. Haikuwa filta wala mpira wa dizeli. Ilikuwa mimi.

Baadaye, kidato cha pili, mwalimu wa fizikia alitueleza kwamba kitu kikinyonywa chomboni lazima hewa iingie kushika nafasi yake, ndiyo maana mfuniko wa tanki huachiwa tundu. Akaomba mfano. Mimi ninayenyoosha kidole hata kwa swali nisilolisikia, siku hiyo nilitazama sakafu.

Siku ile kilimani niliinua macho nikakutana na macho ya mama kwenye kioo cha pembeni cha lori. Sikujua ananitazama tangu saa ngapi. Baba alikuwa hatua chache tu, na spana mkononi. Nikaificha nailoni ndani ya shati, nikachomeka kitambaa kwa kulegeza, nikasema, "Mafuta yapo."

Lori halikukohoa tena. Bukuru aliisifia sabuni yake njia nzima. Mimi kila kilima nilibana pumzi, dizeli inaniwasha tumboni, nikihesabu makosa yangu yote kwa Mungu ili hili lisionekane peke yake. Kibondo wauguzi walimpokea mama na kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa, tukabaki kwenye benchi. Baba alimuuliza Bukuru tena na tena gari lilikuwa na nini hasa.

Siku hizi barabara kubwa ina lami, na baba ana lori jipya lenye mfuniko wa ufunguo. Lile la zamani limeegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye bodi. Eliudi hajawahi kuona gari likifa kilimani na watu wote wakashuka kufikiri, kila mmoja fundi, hata bibi na sabuni yake. Wakati mwingine nafungua mlango wa lori hilo nanusa tu. Harufu ya muhogo bado ipo. Bibi hayupo tena.

Jioni ile ya Kibondo waliniruhusu kuingia. Eliudi alikuwa amelala ubavuni mwa mama, mdogo, mwekundu, amekunja ngumi. Nilitaka kuwa mtu mwema walau mara moja. Nikavuta kanga, nikamfunika, nikachomeka pindo huku na huku mpaka kichwani, vizuri kabisa. Mama akafumbua macho. Akatazama mlangoni kwanza, baba alikuwa bado nje. Ndipo akasema, taratibu:

"Josia, legeza hapo. Na huyu anahitaji hewa."