Mlango Nilioufunga Nikiwa Nanyuki

Nakumbuka asubuhi moja hapa Nyeri, mwanangu, nilipojiona fundi kuliko mafundi wote wa mlimani. Chama cha wakulima wa kahawa kilikuwa kimenipa seva yake ya Linux, ile kompyuta kuu inayohudumia nyingine, niitengeneze. Kufikia saa nne tovuti ilikuwa imefunguka, mafaili yanapita kutoka viwandani, barua pepe zinakwenda na kurudi. Mzee Gachanja, fundi simu mstaafu aliyenifundisha kazi, aliniambia nisiondoke kabla sijaweka kinga ya kuzuia wavamizi na kuijaribu. Nikamjibu nitaiweka nikiwa mbali. Kichwa kilikuwa kimevimba, sikufichi.

Nikaenda Nanyuki kwa kazi nyingine. Huko nikaingia kwenye seva ya Nyeri kwa kompyuta yangu niiweke ile kinga, nikaiamuru ifunge milango yote ya mtandao, ili baadaye nifungue inayohitajika mmoja mmoja. Kumbe na ule nilioingilia mimi ni mlango! Ukafungwa, nikabaki nje, na barua zote za chama zikakwama.

Katibu wa chama akanipigia simu. Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa anangoja jibu kwa barua pepe ya chama kabla ya saa kumi, la sivyo angechukua kahawa ya wengine. Jasho la wakulima la msimu mzima, mwanangu. Nami nikamwambia ati ni mtandao unasumbua.

Nilifika Nyeri saa tisa na nusu. Nikaunganisha kibodi na skrini kwenye mashine yenyewe, nikafungua milango, barua ikaenda. Katibu akaanza kuwalaumu watu wa mtandao. Mzee Gachanja, aliyekuwa kando yangu akiangalia skrini, akanitazama, akasema polepole, "Nyambura, hii mashine imekutii. Umeiambia ifunge, ikafunga. Sasa mwambie katibu ukweli, mimi nikisikia."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto, lakini nilisema. Katibu akanipa ufunguo wa chumba cha seva, ati siku nyingine nisihangaike kumtafuta. Ufunguo huo ninao hadi leo.

Basi sikia. Washa huduma moja, ijaribu, ndipo uende kwa nyingine. Kabla hujafunga chochote, hakikisha njia yako ya kurudi iko wazi. Na ukikosea, sema ni wewe, usingoje mtu akusukume kama mimi. Mungu aibariki mikono yako, unachowasha kiwake, na popote utakapofanya kazi wafurahi kukuona ukirudi.