Njiti ya Kiberiti ya Dada Verna

Dada yangu Verna alikufa katika sinema nyingi. Alipigwa risasi, alinyongwa, alisukumwa ngazini. Sinema za Los Angeles siku zile zilikuwa hivyo: giza, moshi wa sigara, barabara imemwagiwa maji ing'ae, na mwanga wote anapewa yule mrembo mbaya atakayemponza mpelelezi. Verna alipewa kulala kifudifudi. Mimi nilipiga pasi makoti ya mvua ya wapelelezi hao, kwa hiyo niliyaona haya mwenyewe na sitaki mtu anisahihishe.

Mama yetu, kule Oklahoma, alichoka.

"Kila sinema naonyeshwa mgongo," alimwambia Verna kwa simu. "Nakwenda kutazama hii moja tu. Nisipouona uso wako, rudi nyumbani."

Safari hiyo Verna alikuwa amepewa maneno. Angeigiza mwenye nyumba ya kupangisha, mpelelezi abishe hodi, yeye amjibu, "Ameshatoka, na bastola kachukua." Basi.

"Leo maiti anasema!" wakamcheka mafundi.

Lakini taa zilipopangwa, mlangoni kwake palikuwa peusi kama chungu.

"Lonnie, nimulike kidogo," akamwomba mtu wa taa.

"Bosi anataka giza, dada. Wewe ni sauti tu."

Verna alinijia, akachomoa kiberiti katika koti nililoshika, akarudi mahali pake.

Mpelelezi akabisha. Verna akafungua, akawasha njiti, akaiinua hadi kwenye uso wa yule bwana. Na uso wake mwenyewe ukatokea papo hapo, pua ya baba na kovu la shavuni. Akasema maneno yake, akapuliza, giza likarudi.

Bosi Kessler, mwongozaji wa sinema, akaruka kitini. "Nani kakwambia uwashe?"

"Mwanaume kabisha hodi gizani, bosi. Nimfungulie nisimtazame? Kwetu mgeni anatazamwa."

Kessler akajikuna shingo. Hakuna aliyecheka.

"Tunarudia," akasema. "Na njiti uiwashe tena. Ipulize taratibu."

Sinema ilipofika Oklahoma nilikwenda kuketi na mama. Njiti ilipowaka, akasimama wima na kofia yake kichwani.

"Yule wangu!"

"Kaa chini, bibi, hatuoni!" wakapiga kelele nyuma.

"Mmeshaona," akawajibu. "Kilichobaki ni giza tu."

Hakukaa. Na habari ya kumrudisha Verna nyumbani hatukuisikia tena.